Mkono Wako Hauna Kosa, Uliza Chungu

Haya ya kutunza mimea ya chungu niliyasema Jumamosi katika kikao cha chama chetu cha mikopo, mtaa wa Section 58, Nakuru. Waliozuiwa na mvua, na wale waliokuwa mazishini, waliomba wayapate. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti, mweka hazina, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na birika la chai: hamjambo?

Nimepewa nusu saa kabla ya hesabu za mikopo, na mtu hasimami kwa usalama kati ya Mkenya na mkopo wake. Kwa hivyo nitauliza tu. Nani humu ndani amewahi kununua ua, akalipeleka nyumbani kwa bodaboda amelikumbatia kama mtoto mchanga, na baada ya miezi miwili akalitupa jalalani? Inueni mikono. Msione haya. Naona. Mwenyekiti ameinua miwili.

Na mlipolitupa mlisemaje? "Mimi mkono wangu hauoteshi." Tangu nistaafu ukarani nifungue kitalu kando ya barabara, hilo ndilo neno ninalolisikia sana, kuliko hata "punguza bei." Mtu mzima, amelea watoto watano, ana ng'ombe, ana shamba la mahindi Njoro, anakwambia mkono wake unaua. Mahindi yalioteshwa na mkono wa nani?

Mkono wako hauna kosa. Nataka tulitafute kosa liliko.

Nianze na kifo nilichokisababisha mimi. Miaka yangu ya kwanza ya kazi nilikuwa karani Kisumu, nimepanga chumba kimoja Migosi. Siku ya mshahara nikanunua mmea wa majani mapana yenye mabaka meupe, na chungu cha kauri kinachong'aa, cha kuwekwa juu ya kitambaa cha kufuma. Udongo nilichimbiwa na rafiki yangu wa upande wa Kano, ule mweusi unaonata gumboti mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono jua likiwaka. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, kikombe kimoja cha maji. Jioni nikirudi na joto lile la Kisumu, nikikuta majani yamelegea, kikombe kingine. Mimi nina kiu, na wewe una kiu, tunywe. Majani yakawa manjano. Nikaongeza maji. Yakalegea zaidi. Nikaongeza. Wiki ya sita shina likalala chini.

Nikauchomoa. Ilinipanda harufu ya matope ya Dunga, pale mitumbwi inapolazwa. Nikashika mzizi mmoja kwa vidole viwili, nikavuta taratibu. Ganda lote likavuka kama soksi iliyolowa, nikabaki na uzi mwembamba mkononi. Nikavuta mwingine, vivyo hivyo. Hakukuwa na mzizi hata mmoja mzima.

Jamani, mizizi inapumua. Kati ya chembe na chembe za udongo mna vijitundu vya hewa. Maji yakivijaza yasitoke, mzizi unakosa oksijeni na kuanza kufa, kisha vinaingia vimelea vya kuozesha vinavyopenda majimaji. Na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hivyo majani yanalegea, sawasawa na ya mmea wenye kiu, hali mmea umezama. Wewe unaona kiu, unaongeza maji. Ni kumkuta mtu anazama ziwani, ukaona mdomo wake u wazi, ukamkorogea uji.

Lakini chungu je? Maji yale yangetokea wapi? Chungu changu kilikuwa kizuri, kimechorwa maua, kinang'aa, na hakikuwa na nini? Semeni wote. Tundu! Tena? Tundu! Kumbukeni hilo kabla ya neno lingine lolote la leo. Mkebe wa rangi wenye tundu unashinda kauri ya sebuleni isiyo na tundu. Pasha msumari kwenye jiko, toboa matundu manne au matano chini, basi. Na kama una chungu chako cha mapambo usichotaka kukitoboa, acha mmea ukae ndani yake ukiwa kwenye chombo chake cha plastiki. Siku ya maji utoe, unyweshe, uache uchuruzike kwenye sinki, urudishe. Kuhusu kokoto mnazoweka chini "ili maji yapite", nitawaudhi: hazisaidii. Maji husimama pale udongo mwororo unapokutana na kokoto, kwa hiyo mnayasogeza tu juu, karibu na mizizi.

Udongo wenyewe usiwe mfinyanzi. Hapa Nakuru tumebarikiwa. Yale mawe mepesi yenye vitundu, tunayosugulia visigino, ni zawadi ya volkano. Ponda yawe kama punje za mahindi, changanya na udongo wa kawaida na samadi iliyooza vizuri. Maji yanapita, hewa inabaki.

Na utajuaje siku ya kumwagilia? Wengine mmezoea Jumatano na Jumapili, kama ibada. Mmea haujui Jumatano. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka karibu na chini, kiache kidogo, kitoe. Hapa wapika keki wote wananielewa. Kikitoka na udongo umekiganda, funga jiko, achana nao. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usahau. Umesikia? Usahau! Hiyo kazi hata aliyechoka anaiweza.

Tukishapata tundu, tutafute mmea wenyewe. Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana tunanunua kwa macho. Tunaona picha ya sebule ya mtu Ulaya, tunataka ule ule. Mimi nasema jiulize kwanza: huwa unaondoka siku ngapi? Unasahau kwa muda gani? Nunua unaolingana na usahaulifu wako.

Tarehe 15 Machi 2020, Jumapili, tukatangaziwa kwamba shule zinafungwa kwa ajili ya korona. Nilikuwa karani shule moja hapa Nakuru. Tulifunga ofisi tukidhani ni wiki mbili tatu. Mezani kwangu, mbali na dirisha, nilikuwa nimeacha mmea mmoja wa majani mazito ya kung'aa, kama umepakwa mafuta. Niliporudi ilikuwa Oktoba. Miezi saba! Vumbi juu ya meza ungeandikia jina. Kalenda bado iko Machi. Nikasema huyu nimemzika. Nikakaribia. Majani mengi yalikuwa yamedondoka, yamezunguka chungu kama maganda ya njugu, lakini mashina mawili yalikuwa wima, ya kijani. Nikafukua udongo kwa kalamu. Chini kulikuwa na viazi! Vinne, vigumu, vimejaa maji. Ndivyo ulivyokuwa ukinywa kidogo kidogo wakati sisi tunaosha mikono.

Wauzaji wanauita zizi. Si zizi la ng'ombe, mzee wangu, usicheke. Ni zile herufi mbili za Z katika jina lake la kisayansi, Zamioculcas zamiifolia. Na mnajua kwao ni wapi? Ni huku kwetu. Unaota wenyewe Kenya, Tanzania hadi Zanzibar, ukashuka Malawi, Msumbiji, Zimbabwe mpaka pembe ya mashariki ya Afrika Kusini. Kitalu cha akina Loddiges kule Uingereza kiliuandika mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1829, kisha ukakaa bila umaarufu karne na nusu na zaidi. Karibu na 1996 vitalu vya Uholanzi vikaanza kuuzalisha kwa wingi, na leo uko kwenye ofisi za dunia nzima. Sisi tunaununua kwa bei ya mgeni mmea ambao bibi zetu wa Pwani walikuwa wakiupita njiani. Mimi nikiuza sisemi hivyo, lakini leo niko kwenye chama.

Wa pili ni sneki planti, yale majani marefu yaliyosimama kama panga, yana mistari ya nyoka. Wengine wanauita ulimi wa mama mkwe. Hilo nawaachia wenye mama wakwe. Huu asili yake ni Afrika Magharibi, na katika ukoo wa mimea ni jamaa wa mkonge. Huweka maji ndani ya jani lenyewe, na hufungua vijitundu vya majani usiku badala ya mchana, ili jua lisinyonye maji yake. Ukiupa maji mara moja kwa wiki tatu hivi hauna neno. Ukiupa kila siku unaoza shingoni, na siku ukiugusa jani zima linabaki mkononi mwako.

Sasa siri ya biashara. Ukikata jani la sneki planti vipande, ukavichomeka, vinaota. Lakini ule wenye ukingo wa manjano, ule wa bei, vipande vyake huzaa watoto wa kijani kitupu. Njano haipiti. Ukitaka njano, ng'oa mmea wote, gawa pale chini mizizi ilipogawanyika. Mteja mmoja alinisusia mwezi mzima akidhani nilimrushia dawa kwenye vipande vyake visiote manjano. Nilipomweleza akanunua mwingine, lakini bado hanisalimii vizuri.

Mani planti, ule unaotambaa, hautanimalizia muda. Kata chini kidogo ya kifundo, tia kwenye chupa ya maji, badilisha maji yakichafuka. Mtu akishindwa na huo aniite nije nimwone. Na mshubiri, ogaka kwa ndugu zetu Wajaluo? Mgumu kweli, lakini wa jua. Ukiuweka kwenye korido ya giza utarefuka, utapauka, utalala kama mlevi. Uache dirishani au kizingitini.

Mmenielewa hadi hapo? Basi sasa tuyazungumze mashauri ya mbali.

Mnasoma kwenye simu: "Weka mmea wako dirisha la kusini." "Punguza maji wakati wa baridi kali." Nani aliandika? Mtu aliye kaskazini ya mbali, ambako jua la adhuhuri siku zote liko upande wake wa kusini. Sisi ikweta iko hapo, ukienda Mogotio unakuta kibao chake watu wakipigia picha. Kwetu jua linahama. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, saa sita mchana linaegemea kaskazini. Kuanzia Septemba hadi Machi linaegemea kusini. Kwa lugha ya Nakuru: dirisha linalotazama Menengai linapata jua mwezi wa Juni, na dirisha linalotazama ziwa linapata jua Desemba.

Desemba moja alinipigia mama wa ghorofa ya tatu, analia. Mani planti yake imepata madoa meupe makavu, kama karatasi iliyounguzwa na pasi. "Na sijausogeza hata inchi moja! Uko palepale tangu Juni!" Nikamuuliza dirisha linatazama wapi. Ziwani. Nikamwambia, mama, wewe hukusogeza mmea, jua ndilo lililosogea. Akauvuta hatua mbili ndani. Majani yaliyoungua hayakupona, hayo huwa hayaponi, lakini mapya yakaja safi.

Na maji? Hapa ndipo tunapoulizwa sisi wa Nakuru. Kuna mmea wa majani membamba yaliyopinda, yenye mstari mweupe, unaoning'iniza watoto wake hewani kama buibui. Kwa Kiingereza jina lake, spaida planti, ni lile lile la mboga ya saga, dek kwa Wajaluo, na nilipokuwa Kisumu mama mmoja wa Kibuye aliwahi kuniagiza mafungu matatu akijua atapika na maziwa. Huu nao hauna shida, isipokuwa ncha. Ncha zinakauka, zinakuwa kahawia. Jirani yangu alizikata kwa makasi kila Jumapili kama anayenyoa mtoto, na kila Jumapili zinarudi. Akaongeza mbolea. Akahamisha chungu. Akaombea.

Nikamuuliza anamwagilia nini. Maji ya kisima cha mashine. Nikamwonyesha meno yangu.

Tazameni na nyinyi, msiogope. Mimi mzaliwa wa hapa. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji ya chini hutoka na madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya upande huu vinavuka hapo. Mtoto akiyanywa meno yanachipuka na kahawia. Mmea ukiyanywa, maji yanapanda hadi mwisho wa jani, yanageuka mvuke, yanaondoka, floridi inabaki kwenye ncha. Inajikusanya hapo mpaka ncha inaungua. Mmea una ncha za kahawia, mimi nina meno ya kahawia. Tumekunywa kisima kimoja.

Kuchemsha hakuitoi floridi, kunaikoleza. Dawa ni maji ya mvua. Weka ndoo chini ya mfereji wa paa, jaza mtungi wa lita 20, mimea yako ya ndani itakunywa wiki nyingi. Jirani alifanya hivyo, majani mapya yakatoka na ncha za kijani. Yanayoteseka zaidi kwa floridi ni huo wa buibui na jamii ya masale, yale ya kupandwa mpakani. Wachagga wana desturi ya kumpelekea mtu jani la isale kumwomba radhi. Mimi nimelazimika kuliomba radhi isale lenyewe.

Kijana pale nyuma, nimekuona, unataka kuuliza ule mmea unaosafisha hewa ni upi. Kila wiki naulizwa. Nikisema ndiyo, nauza. Lakini habari yenyewe ni hii. Mwaka 1989 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walifungia mimea kwenye vyumba vidogo visivyopitisha hewa, wakapima, na kweli kemikali zilipungua. Watu wakabeba neno hilo, wakasahau kwamba nyumba si sanduku lililofungwa. Mwaka 2019 wataalamu wawili, Cummings na Waring, walipitia tafiti za aina hiyo wakapiga hesabu: ili mimea ilingane na hewa inayoingia na kutoka nyumbani kwa kawaida, ungehitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Sasa wewe utalala wapi?

Naling'ang'ania hili kwa sababu ya jiko. Julai baridi ya Nakuru inatuingia mifupani, tunaingiza jiko la makaa ndani, tunafunga madirisha. Na nimewahi kusikia mtu akisema, kwa masikio yangu, "tuna yale maua ya kusafisha hewa." Jamani! Gesi ya makaa haina rangi, haina harufu, na haijali una sneki planti ngapi. Jiko litoke nje. Dirisha lifunguliwe. Maua ni ya kupendeza macho.

Moja la mwisho kwa wenye watoto wanaotambaa. Mmewahi kuonja nduma mbichi? Koo linavyowasha? Zizi, mani planti, na ule wa mabaka nilioua mimi Migosi, wote ni ukoo mmoja na nduma, na ndani yao mna fuwele zile zile zenye ncha kali. Nduma tunaichemsha vizuri, lakini mtoto hachemshi ua kabla ya kulitafuna. Weka juu ya kabati. Mbwa na paka vilevile.

Mbolea? Kidogo, wakati wa mvua tu, na ukisahau hakuna atakayekushtaki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza. Pale mlangoni, juu ya gazeti, kuna vipande vya sneki planti, vya kijani, visivyo na ukingo wa manjano ili tusije tukakosana. Kimoja kimoja kwa kila mtu. Nilivikata Jumatano, vimeshakauka jeraha, kwa hiyo mnaweza kuvipanda leo. Upande wenye alama ya kalamu ndio wa chini, mkigeuza hakioti. Chomeka kina cha vidole viwili, kwenye mkebe wenye nini?

Tundu!

Maji kidogo mara moja, kisha kaa mbali. Kitachukua miezi kabla hujaona mtoto akichungulia. Kikioza kabla ya hapo usikitupe, niletee nikione, na ule mshikaki wako pia.